Msafara uliokwama Marenga Mkali: kisa cha ramli iliyojibu "ndiyo" kwa kila swali

Mwenye kisa hiki ni kijana wa Tanga, mhudumu wa duka la dawa anayeshika zamu ya usiku. Amekubali nikichambue kwa sharti moja: jina lake na la duka yasitajwe. Kati ya saa sita usiku na alfajiri wateja ni wa kuhesabu: mama anayetafuta dawa ya homa ya mtoto, bodaboda aliyechubuka goti, mlinzi wa jirani anayekuja kuomba panadol mbili kwa mkopo. Saa zinazobaki anacheza. Anacheza peke yake mchezo wa kuigiza mhusika, na mahali pa mwendesha mchezo ameweka kitabu cha majedwali.

Safari hii aliamua kuongoza msafara wa kubuni kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, katika miaka ya 1870. Haukufika. Katika onyesho la kumi na moja mhusika wake mkuu, aliyemwita Makame, alikufa kwa jibu la swali ambalo hata muulizaji alilichukulia kama mzaha. Asubuhi yake nikapata ujumbe: "Shikamoo kaka. Hiki chombo kibovu. Kila nikiuliza kinasema ndiyo."

Nimepitia kaunta buku lake mstari kwa mstari. Ana tabia nzuri ya kuandika kila swali, uzani aliouchagua (yaani alivyokadiria uwezekano wa "ndiyo") na namba iliyotoka. Bila hivyo kisa hiki kisingechambulika. Chombo si kibovu. Lakini kumwambia mtu "chombo kizima, kosa lako" ni kumtukana tu bila kumsaidia. Linalofaa ni kuona mahali penyewe palipopinda, na palipinda mapema sana kuliko alivyodhani.

Kwanza chombo chenyewe, kwa wasiokijua. Michezo ya kuigiza wahusika ilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1974, ilipotoka Dungeons & Dragons. Watu wanne watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wao, yaani mwendesha mchezo, anaibeba dunia yote iliyobaki: wenyeji, maadui, mvua, bei ya unga. Mchezaji anauliza kama mlango umefungwa, mwendesha mchezo anajibu. Kijana wetu alikuwa na kundi la namna hiyo, wakikutana Raskazone siku za Jumapili. Kisha huyu akapata kazi Dodoma, yule akaenda Dar kusoma, na yeye akabaki na wahusika wasio na dunia.

Emuleta ya mwendesha mchezo, yaani kitabu cha majedwali kinachokaa mahali pake, inaziba pengo hilo. Wachezaji wanaoielewa huiita ramli kwa utani, na utani wenyewe haupo mbali na ukweli: unauliza swali la ndiyo au hapana, unabahatisha namba kati ya 1 na 100, jedwali linajibu. Anayotumia yeye ni Mythic ya Tana Pigeon. Mchezo huo ulitoka mwaka 2003, sehemu ya emuleta ikachapishwa peke yake mwaka 2006, na toleo la pili, ambalo ndilo alilonalo, ni la mwaka 2023.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukiuliza, unaupa uwezekano wa "ndiyo" uzani mmoja kati ya tisa, kuanzia "hakika" hadi "haiwezekani", katikati ikiwa "nusu kwa nusu". Halafu unatazama kiwango cha vurugu cha wakati huo, namba kati ya 1 na 9 inayopanda au kushuka mwisho wa kila onyesho. Mchezo unaanza na 5. Mahali uzani na kiwango vinapokutana kwenye jedwali pana namba. Ukibahatisha namba hiyo au chini yake, jibu ni ndiyo. Kwenye kiwango cha 5, nusu kwa nusu ni 50, kama mtu yeyote angetarajia. Kwenye kiwango cha 8 nusu kwa nusu ileile imeshakuwa 85. Kwenye 9 ni 90, na hapo hata jambo uliloliandika "haiwezekani" lina nafasi 50 kati ya 100 za kuwa kweli. Shikeni hiyo namba ya mwisho, ndiyo iliyomuua Makame.

Kuna mambo mengine mawili. Namba ikitoka pacha, mathalani 22 au 77, na tarakimu yake haizidi kiwango cha vurugu, basi pamoja na jibu lako linazuka tukio la ghafla. Jedwali moja linasema tukio linamhusu nani au nini, jingine linatoa maneno mawili ya kufasiri. La pili: kabla ya kila onyesho unabahatisha kati ya 1 na 10. Namba ikizidi kiwango cha vurugu, onyesho linakwenda kama ulivyotarajia. Isipozidi, namba witiri inalibadilisha kidogo na namba shufwa inalikatiza kabisa, jambo jingine linachukua nafasi yake.

Dadu za nyuso kumi, zinazotumika kutoa namba hizi, hajawahi kuziona madukani Tanga, na dadu za ludo haziwezi kazi hii. Programu za simu zipo, lakini simu ya dukani ni ya kazi na yake betri haikai. Akajitengenezea njia ya karata ambayo mimi naiona bora kuliko dadu zenyewe. Anazitoa zote zenye picha. Kopa kumi ni fungu moja, shupaza kumi ni fungu la pili. Ree ni moja, kumi ni sifuri. Anachanganya kila fungu, anafunua kopa kwa makumi na shupaza kwa mamoja: kopa ya tatu na shupaza ya saba ni 37, kumi mbili ni 100. Kisha anazirudisha na kuchanganya tena, vinginevyo hesabu inavunjika. Shida yake ni moja tu, na ni ya kijamii: mteja akiingia saa nane usiku akakuta karata kwenye kaunta ya dawa, anadhani kuna kamari. Kwa hiyo chini ya kaunta pana boksi tupu la glavu, na mlango ukilia karata zinaingia humo.

Sasa msafara. Makame ni kijana wa Bagamoyo aliyepewa na mfanyabiashara mizigo arobaini apeleke Unyanyembe: vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba. Ana wapagazi Wanyamwezi, askari wachache wenye gobori, na kirangozi anayetangulia mbele. Mchezaji alisoma vizuri kabla ya kuanza. Anajua mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, anajua njia inavuka mto Kingani kisha inapanda hadi Mpwapwa, anajua kwamba baada ya Mpwapwa pana nyika kavu ya Marenga Mkali, na kwamba ukiingia Ugogo watemi wanadai hongo, yaani ushuru, kwa njia na kwa maji. Nimeona misafara ya kubuni iliyoandikwa na watu waliolipwa ambayo haina nusu ya haya.

Onyesho la kwanza, kuondoka Bagamoyo, lilikwenda salama akashusha kiwango cha vurugu kutoka 5 hadi 4. Sawasawa. La pili ni kuvuka Kingani. Mamba akajitokeza, watu wakapiga kelele, askari mmoja akafyatua risasi, na mwisho wote wakavuka na mizigo yote arobaini. Mchezaji akapandisha: 5. La tatu wapagazi waligombana kwa posho, visu vikatoka, Makame akasimama katikati akawapatanisha. Akapandisha: 6. La nne usiku waliibiwa mizigo miwili ya shanga. Akapandisha: 7. La tano homa ikawakamata watu sita pamoja na Makame, wakalala siku tatu Mpwapwa. Akapandisha: 8.

Kanuni haisemi hivyo. Mwisho wa onyesho haiulizi kama palikuwa na kelele, inauliza kama mambo yalikuwa mkononi mwa mhusika au yalimponyoka. Yakiwa mkononi unashusha moja, yakimponyoka unapandisha moja. Kingani palikuwa na mamba na baruti, lakini Makame alivusha kila kitu: hapo ni kushusha. Ugomvi wa visu aliumaliza mwenyewe: ni kushusha tena. Wizi na homa vilimponyoka kweli, hapo alikuwa sahihi kupandisha. Hesabu ya kweli basi ni 4, 3, 2, 3, 4. Alifika mlangoni mwa Marenga Mkali akiwa na 8 mkononi badala ya 4.

Alipima msisimko. Naelewa kwa nini. Onyesho lenye mamba linamtoa mtu jasho, na jasho linafanana na vurugu. Ila matokeo yake ni kwamba kila Makame alipofanya jambo la kishujaa alizidi kuadhibiwa. Kadiri alivyoshinda, ndivyo dunia ilivyomvurugikia.

Twende kwenye onyesho la sita, ambapo ningependa tukae, maana kisa chote kimo humo. Alichotarajia: msafara unatoka nyikani, unafika kisima cha kwanza cha Ugogo, watu wanajaza vibuyu. Akafunua karata moja ya kupima onyesho: sita. Kwa kiwango cha 8, sita haizidi, na ni shufwa, kwa hiyo onyesho limekatizwa. Akaandika: "Hatufiki kisimani. Watu wa mtemi wanaonekana juu ya kilima wamebeba mikuki." Kisha swali lake, naliandika kama lilivyo: "Je, wamekuja kutunyang'anya?" Uzani: nusu kwa nusu. Inahitajika 85 au chini. Kopa ya nne, shupaza ya nne. 44.

Jibu: ndiyo. Tena 44 ni pacha, na nne haizidi nane, kwa hiyo tukio la ghafla. Akalibahatisha: linamhusu mhusika mmojawapo kwenye orodha yake, akatoka kirangozi. Maneno mawili ya kufasiri: kuacha, mzigo. Chini yake kuna mstari umekatwa kwa wino mwekundu na maneno haya: "Yamezidi. Naruka hili."

Hebu tufanye onyesho hilohilo, karata zilezile, kwa kiwango alichostahili kuwa nacho. Karata ya onyesho ni sita, kiwango ni 4. Sita inazidi nne, onyesho linakwenda kama lilivyotarajiwa. Msafara unafika kisimani. Watu wa mtemi bila shaka wapo, maana maji ya Ugogo hayakuchotwa bure. Je, wamekuja kunyang'anya? Hapa uzani wa nusu kwa nusu hauna msingi. Mchezaji mwenyewe ameandika ukurasa mzima kwamba watemi waliishi kwa hongo. Anayeishi kwa hongo akipora msafara wa kwanza, wa pili utazunguka njia nyingine. Kupora ni "vigumu sana". Uzani huo kwenye kiwango cha 4 unahitaji 15 au chini. 44 ni hapana. Na bado 44 ni pacha, nne haizidi nne, kwa hiyo tukio la ghafla liko palepale: kirangozi, kuacha, mzigo.

Yaani kwa karata zilezile Makame angekuwa amekaa kisimani anahesabu mikono ya merikani kumlipa mtemi, na wakati huohuo mtu anayemtegemea kuliko wote, anayejua njia, amebwaga mzigo wake mchangani na kutokomea. Kwa msafara wa miaka hiyo hakuna msiba wa kweli zaidi. Wapagazi walitoroka, wakati mwingine wakiwa wameshachukua sehemu ya ujira. Kitabu kilichotungwa na mtu asiyejua lolote kuhusu njia ya Bagamoyo kilimtupia tukio ambalo mzee wa Bagamoyo angeweza kulisimulia, na yeye akalikata kwa wino mwekundu ili abaki na watu wa mikuki.

Hilo ndilo linaloniuma katika daftari hili. Kiwango cha vurugu ni hesabu, inasahihishwa kwa dakika moja. Kuruka tukio la ghafla ni kumfukuza mwendesha mchezo mezani. Unapocheza peke yako, maswali unayatunga wewe na majibu unayafasiri wewe. Sauti pekee isiyo yako ni ile ya pacha. Ukiiziba, unabaki kujisemea.

Kutoka hapo daftari linasomeka kama orodha ya mikosi. Je, maji yana sumu? Ndiyo. Je, fisi wameingia kambini? Ndiyo. Je, mfanyabiashara wa Bagamoyo ametuma mtu kutufuatilia? Ndiyo. Je, huyo mtu amenunuliwa na mtemi? Ndiyo, tena ndiyo iliyotia chumvi, maana namba ilitoka chini kabisa. Maswali yote, bila kubakiza hata moja, yameelekezwa kwenye shari. Na hapa ndipo pana jambo ambalo wachezaji wengi wa Mythic hawaligutuki hadi liwaumize: vurugu ikipanda, kinachopanda ni "ndiyo". Jedwali halijui kama ndiyo yako ni heri au balaa. Muulizaji mwenye hofu, kiwango kikiwa 8, anapata kila anachokihofia. Angeuliza kwa matumaini, "Je, mtemi anakubali hongo yetu?", jedwali hilohilo lingemlegezea dunia kama uji. Upande wowote utakaoupendelea, kwenye kiwango cha juu chombo kitakuunga mkono.

Onyesho la kumi na moja kiwango kikiwa 9, usiku umekwenda, kijana amechoka, akaandika: "Je, Makame ameshakufa na hajijui?" Uzani: haiwezekani. Kopa ya tatu, ree ya shupaza. 31.

Tulikaa kulizungumza kwenye kibaraza kimoja cha kahawa Ngamiani, yeye ametoka zamu, baiskeli yake imeegemea ukuta, macho mekundu. Nikamwonyesha hesabu mbili za kiwango cha vurugu, yake na ya kanuni, zimeandikwa bega kwa bega. Akazitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Sasa kaka, mbona hiyo ni kama kujipendelea? Nikishusha vurugu kila nikishinda, si nitakuwa nashinda milele?"

Swali zuri, na halina jibu la mkato. Vurugu ikiwa chini, "ndiyo" zinapungua, za heri na za shari pamoja. Makame mwenye kiwango cha 2 hashindi milele. Anaishi katika dunia nzito isiyotikisika, ambamo hata msaada anaouomba mara nyingi haupo. Nusu kwa nusu kwenye kiwango cha 2 ni 15 tu. "Je, kijiji kina mtama wa kuuza?" Hapana. "Je, kuna anayeijua njia ya mkato?" Hapana. Kwa msafara wenye njaa hilo ni tishio tosha, ila ni tishio la ukimya badala ya mikuki.

Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao pembeni akageuka. "Wanangu, huyo anayewajibu ni nani hasa?"

"Karata, mzee."

"Na mnamwamini?"

Kijana akacheka. "Ndiyo tunabishana hapa, babu." Mzee akarudi kwenye kete zake akitikisa kichwa, sijui alituonaje.

Tuliyokubaliana hapo, na aliyoyajaribu tangu siku ile, si mengi. Kubwa ni mpangilio wa kazi: swali linaandikwa kwanza kwa sentensi kamili, uzani unafuata kwa sababu ya maneno machache ("vigumu sana, wanaishi kwa hongo"), na kiwango cha vurugu, ambacho ameanza kukiandika nyuma ya ukurasa, kinafunuliwa mwisho kabisa. Akikiona kabla, mkono unapinda swali bila yeye kujua. Sababu nayo inambana. Ni vigumu kuandika "nusu kwa nusu" kisha ukakosa la kuandika mbele yake, uvivu unaonekana.

Maswali yenyewe nilimtaka aulize kile anachokitarajia Makame, asiulize anachokihofia mchezaji. Makame ni mtu wa biashara. Akiona watu kilimani, wazo lake la kwanza ni bei. Kwa hiyo swali ni kama wanataka nguo au shanga, na kifo kinakuja tu kikiletwa na jambo jingine. Kifo chenyewe hakiulizwi ramli kamwe. Emuleta haikutengenezwa iwe kanuni za mchezo; inakaa juu ya kanuni nyingine, zozote unazotumia kupimia mapigano, njaa na majeraha. Yeye ana kanuni nyepesi alizojitungia kwa dadu ya ludo, na humo Makame alikuwa bado na nguvu nne kati ya sita. Aliyemuua hakuwa na mamlaka ya kuua.

Tukio la ghafla halirukwi. Hapa sikumlegezea. Likiwa halileti maana papo hapo, anaruhusiwa kuliweka kiporo na kulitumia mwisho wa onyesho, lakini kulikata kwa wino mwekundu hapana.

Niliwahi kumpendekezea njia nyingine pia, kwa sababu si kila mtu ana subira na hesabu za vurugu. Ironsworn, mchezo wa Shawn Tomkin wa mwaka 2018, unapatikana kwa kupakua bila malipo, na kwa mtu asiye na kadi ya kulipia dola hilo si jambo dogo. Ramli yake haina kiwango cha vurugu kabisa. Nusu kwa nusu ni 51 au zaidi leo, kesho na baada ya mikosi kumi. Jambo gumu ni 76 au zaidi, lenye nafasi ndogo 91 au zaidi. Makame asingekufa kwenye jedwali hilo kwa njia aliyokufa. Kijana akaijaribu usiku kadhaa akairudisha. Alisema inampa majibu ya haki lakini haimpi dunia inayopandwa na wazimu, na wazimu ndio anaoutaka. Mimi kwa mwanzilishi ningebaki na ya Tomkin. Tumeachana hapo.

Jambo moja la kando, kwa kuwa wengi wataliuliza. Kabla ya karata alijaribu kumpa programu ya akili bandia kazi ya mwendesha mchezo kwenye simu. Ilimwandikia maelezo mazuri ya jua linavyozama Kaole. Ila ilimkubalia kila alichotaka, na baada ya muda ikasahau kirangozi ni nani. Ukilinganisha na daftari hili, ni ugonjwa uleule wa "ndiyo", isipokuwa huko hakuna namba ya kusahihisha.

Ameanza upya kuanzia onyesho la sita, kiwango 4, na 44 yake imehesabiwa. Alitaka kubahatisha karata mpya, nikamwomba atumie zilezile. Hongo ikalipwa, merikani nyingi kuliko alivyopanga. Kirangozi akatoweka usiku. Swali la kwanza baada ya hapo lilikuwa kama ametoroka kwa sababu ya ujira, uzani "inaelekea ndiyo, hajalipwa tangu Mpwapwa". Inahitajika 50. Ikatoka 83: hapana. Nikamwona anakaa wima kwa mara ya kwanza, maana sasa kuna kitu hakijui. Kama si ujira, ni nini? Ile "hapana" moja imemfungulia maonyesho matatu, wakati "ndiyo" zote za daftari la kwanza hazikumfungulia hata moja.

Kiwango cha vurugu tangu hapo kimekuwa kikipanda na kushuka kati ya 3 na 6. Bado anauliza mno. Onyesho la nane lina maswali kumi na mawili, mengine ya mambo ambayo angeweza kuyaamua mwenyewe, kama rangi ya nguo za mtemi. Nimemwambia ajiwekee maswali matatu kwa onyesho. Anasema zamu ya usiku ni ndefu na kuuliza ndiko kunakomkesha. Daftari la kwanza hajalichana. Anashikilia kwamba Makame yule alikufa kweli Marenga Mkali na huyu wa sasa ni jina tu.

Kwa sasa wako katikati ya Ugogo. Wamekutana na msafara mwingine unaoshuka pwani, na mbele yake anatembea kirangozi aliyetoroka, amebeba mzigo wenye alama ya Makame. Swali limeshaandikwa: "Je, ataukana mzigo mbele za watu?" Tunabishana uzani. Yeye anasema nusu kwa nusu, mtu akibanwa husema lolote. Mimi nasema si rahisi, alama inaonekana na kila mtu ana macho.